Nyaya za Gwenda Dowse

Gwenda Dowse alibandikwa jina ambalo hakuliomba, na mji mzima wa Louth, mashariki mwa Uingereza, ulilijua kuliko lile alilobatiziwa. Gwenda Giza. Akiingia kwa muuza nyama kununua soseji, mtu fulani nyuma ya foleni angetazama taa ya duka na kusema, "Shikeni pochi zenu, umeme unakatika sasa hivi," na watu wangecheka, tena kicheko cha hivi hivi tu, cha watu wasio na kinyongo. Hapo ndipo penye ubaya. Mtu akikuchukia unajua pa kumkamatia. Lakini akikutania miaka nenda miaka rudi, huku anakupisha kwenye foleni na kukuuliza mumeo mgonjwa anaendeleaje, utamfanya nini? Gwenda alichukua soseji zake, akasema ahsante, akaenda zake.

Na mwanamke huyo, jamani, ndiye aliyekuwa na mikono mizuri kuliko yote katika karakana ya Fenwold. Mama yake alikuwa mfuma nyavu huko Grimsby, bandarini, na Gwenda alijua mafundo kabla hajajua herufi. Alipoajiriwa Fenwold alipewa kushona viti. Karakana yenyewe ilikuwa banda la kuegeshea ndege za kivita, lililosalia tangu Vita vya Pili vya Dunia, katikati ya mashamba ya njegere, upepo wa baharini ukiingia kila upande. Humo Bwana Ferriby alikuwa akiunda magari yake ya viti viwili, ya chini chini, bodi zake za plastiki ya nyuzi za kioo, yenye sauti ya kumwamsha mtu usingizini. Hayakuwa mengi. Kila moja liliundwa kwa mkono, na kila moja lilikuwa na mwenyewe anayelisubiri kwa hamu.

Siku moja mfunga nyaya aliugua, Gwenda akasogea kwenye ubao mkubwa wenye misumari, pale nyaya zinapolazwa kwa mpango wake kabla ya kuingizwa garini. Akachukua uzi wa nta akaanza kuzifunga, fundo baada ya fundo, lile lile fundo la nyavu la mama yake. Bwana Ferriby alisimama nyuma yake na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Tita lile la nyaya lilipotoka kwenye ubao lilikuwa limenyooka, limekaza, zuri kiasi kwamba mtu angeweza kulivaa shingoni kanisani.

"Nani kakufundisha, binti?" Ferriby aliuliza.

"Samaki," Gwenda akajibu, na banda zima likaangua kicheko. Hakurudi kwenye viti tena.

Humo humo bandani ndimo alimokuwa Cyril, mumewe, mtoto wa muunda mashua, mtu wa mabega mapana na mzaha mwingi. Kazi yake ilikuwa kufunga dashibodi. Gwenda akishamaliza nyaya zake, Cyril ndiye aliyezifunika, kwa hiyo kila gari lilipita mikononi mwa mke, likamalizikia mikononi mwa mume. Wenzao waliwatania mpaka basi. "Cyril, usiikaze mno hiyo skrubu, unamfungia mkeo ndani!" Naye hujibu, "Bora nimfungie, akitoka mtamwiba nyie."

Basi ukafika mwaka ule serikali ilipobadilisha pesa, mwaka wa sabini na moja. Fenwold walikuwa wanatoa gari jipya, na Bwana Ferriby akamfanya Gwenda mkuu wa nyaya zote. Mwanamke! Wanaume wengine walinuna. Gwenda mwenyewe alirudi nyumbani akaketi jikoni bila kuvua koti, akalia. Aliogopa. Gari lenye bodi ya plastiki si kama la chuma, halina ganda la kurudishia umeme kwenye betri, kila taa lazima iwe na waya wake wa kurudi, kwa hiyo nyaya zilikuwa nyingi maradufu, na zote sasa zilikuwa zake.

"Wewe funga," Cyril alimwambia, akimfuta machozi kwa taulo la vyombo. "Mimi nipo nyuma yako. Gari lenye mkono wako halitapatwa na neno."

Likapatwa.

Halikuanza mara moja. Magari yalitoka bandani yakingʼaa, yakaendeshwa siku kadhaa, wiki kadhaa, kisha simu zikaanza. Taa zimezima zenyewe. Fyuzi imeungua, nikaweka nyingine, nayo imeungua. Kuna moshi chini ya usukani. Gari likirudishwa Louth likasimamishwa bandani, lilikuwa shwari kabisa, ungedhani mwenyewe anazua. Gwenda alipima waya mmoja mmoja, asubuhi mpaka jioni, asione kitu. Likirudishwa barabarani, likipiga mashimo na makorongo, halooo, giza. Mwandishi mmoja wa jarida la magari alikuja kulijaribu, akaandika kwamba Fenwold ni gari zuri sana kwa mtu anayelala mapema. Watu wa mji walikata kile kipande wakakibandika ukutani kwenye baa.

Kisha ikaja ile ajali ya huko Mablethorpe, pwani. Mwalimu wa muziki, mwanamke ambaye alikuwa amejinyima kwa miaka ili anunue gari lile, alikuwa anarudi nyumbani jioni ya ukungu. Taa zikazima zote kwa pamoja. Aliingia mtaroni. Aliishi, ndiyo, lakini mguu wake haukurudi kuwa mguu, na kinanda cha kanisa alichokuwa akikipiga kina kazi ya miguu pia.

Bwana Ferriby aliwakusanya wote siku iliyofuata. Hakuwa mtu mbaya, tusimpake matope, lakini alikuwa amekonda kwa mashaka na aliongea kama mtu asiyelala. Aliliinua tita la nyaya lililoungua, lililotolewa kwenye gari la yule mwalimu, akalitupa sakafuni mbele ya Gwenda.

"Haya mafundo ya nani?"

"Yangu, bwana."

"Kuna mkono mwingine uliogusa?"

"Hakuna. Yangu tu."

"Basi uondoke kwenye ubao wangu. Umeniua, Gwenda. Umeniua na nilikuamini."

Cyril alirusha spana ikagonga ukuta wa bati, banda zima likalia. "Ondoa ulimi wako kwa mke wangu!" alipiga kelele. "Mafundo yale hayana kosa! Tafuteni rangi yenu, tafuteni betri zenu za bei rahisi, tafuteni ujinga wenu wenyewe! Mke wangu hana kosa!" Akavua aproni yake, akamshika Gwenda mkono, wakatoka pamoja, upepo ukiwapiga, bila hata kuchukua chupa zao za chai. Mwaka haukupita Fenwold ikafungwa. Watu wengi wa Louth walikosa kazi, na kila mmoja alijua ni kwa sababu ya nani.

Gwenda alikwenda kwenye kiwanda cha njegere za makopo, akasimama pale kwenye mkanda akichambua njegere mbovu mpaka alipostaafu. Hakufunga tena fundo la kutumika. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa. Alinunua viatu visivyo na kamba. Zawadi za Krismasi alizifunga Cyril. Wakati mwingine, akiwa peke yake, alichukua kipande cha uzi akalifanya lile fundo la mama yake mezani, akaligeuza, akalivuta, akilitafuta kosa lake. Hakuliona. Kisha alilikata kwa mkasi akalitupa. Kilichomuuma si kule kuchekwa. Alikuwa hajui. Kama alimvunja yule mwalimu mguu, basi alitaka ajue ni kwa fundo lipi.

Na kila alipoonekana kuzama katika mawazo hayo, Cyril alisema maneno yale yale. "Siku moja watajua, Gwen. Siku moja ukweli utatoka, na mimi nitakuwepo niwaone nyuso zao." Alisema hivyo baa, akapigana kwa ajili yake mara si moja. Alisema hivyo kanisani. Ferriby alipofariki, Cyril alikataa kwenda kumzika. Hata mapafu yake yalipoharibika, kwa lile vumbi la plastiki la bandani, akahamishiwa kitanda chini sebuleni karibu na dirisha, bado aliyasema, ila sasa kwa vipande vipande, akivuta pumzi katikati.

Hapo ndipo alipotokea Desmond Maltby. Mtu wa makamo, mpole, mfanyakazi wa benki kutoka Lincoln, mwenye ugonjwa wa kupenda magari ya zamani. Alikuwa amenunua Fenwold moja iliyokaa ghalani miaka mingi, ile ile ya mwaka wa balaa, haijaguswa tangu mwenyewe wa kwanza alipoichoka. Aligonga mlango akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mama Dowse," alisema, "naambiwa wewe ndiye uliyezifunga nyaya za Fenwold. Chama chetu cha wenye Fenwold kinaandika historia ya magari haya. Ninalo moja la mwaka ule, nimekuja kukuomba ulifungue wewe. Ukijua tatizo lilikuwa nini, nitaandika hivyo hivyo utakavyosema."

"Mimi nimeacha," Gwenda alijibu. "Nenda kwa fundi."

"Gwen!" Sauti ya Cyril ilitoka sebuleni, dhaifu lakini kali. "Mkaribishe huyo kijana! Gwen, usinifanyie hivyo. Nimeingoja siku hii mimi." Alikohoa mpaka uso ukabadilika rangi. "Kalifungue. Nataka nisikie kabla sijaenda. Nife nikiwa najua mke wangu hakukosa. Nakuomba."

Nani angemkatalia mtu maneno hayo? Gari likaingizwa katika gereji ya jirani. Gwenda akavaa aproni yake ya jikoni, akachukua tochi na bisibisi. Desmond akatumwa mjini kuleta mkate wa zabibu na jibini, kwa sababu Gwenda hakutaka mtu asimame nyuma yake akimtazama.

Alilala chali kwenye sakafu ya gari, magoti yakimuuma, akafungua dashibodi skrubu moja moja. Nyaya zake zilikuwa pale. Vumbi limezijaa, lakini mafundo yalikuwa yamekaa vile vile alivyoyaacha. Aliyapitisha vidoleni taratibu mpaka akafika nyuma ya kisanduku cha fyuzi. Hapo vidole vyake vikagusa kitu ambacho si cha gari.

Peni. Ile sarafu kubwa ya zamani ya shaba, waliyoifuta mwaka ule wa pesa mpya. Ilikuwa imeingia katika upenyo kati ya kisanduku na plastiki, inacheza humo ndani ukiitikisa, na ukingo wake ulikuwa mweusi, umeungua. Akamulika tochi juu. Kwenye kijirafu kidogo cha ndani kulikuwa na alama ya nta ya duara, saizi ya peni ile ile. Mtu alikuwa ameibandika pale. Joto la injini liliyeyusha nta, peni ikateleza ikaangukia nyuma ya fyuzi, na kila gari likipiga shimo ilikuwa inagusa vichwa viwili vya nyaya na kupiga shoti. Likisimama, inarudi nyuma, shwari. Bandani Gwenda alipima nyaya kutoka mbele tu, hakutia mkono humo; na katika magari mengine, peni ilipodondoka sakafuni, fundi alidhani imetoka mfukoni mwa mwenye gari, akaitia mfukoni mwake.

Gwenda alilala pale pale akacheka kwa sauti, kisha akalia, kisha akacheka tena. Si yeye! Mungu wangu, si yeye! Mjinga fulani bandani, mchezea mwenzake fulani, labda mmoja wa wale walionuna, na yeye kabeba miaka yote hii. Alitoka chini ya gari kwa haraka hata akajigonga kichwa. Akaitia peni katika mfuko wa aproni, akakimbia nyumbani, mwanamke mzima wa umri ule, anakimbia barabarani na tochi inawaka mchana.

Cyril alimwona kupitia dirishani. Alipoingia, tayari alikuwa anajaribu kujiinua, macho yakingʼaa kama ya kijana.

"Usiseme! Ngoja kwanza niketi. Niwekee mto." Gwenda akamwekea mto, akihema, akitabasamu, mkono mmoja mfukoni. "Haya. Lakini kabla hujasema, nikuulize. Uliikuta peni yangu?"

Gwenda aliuacha mkono wake ndani ya mfuko.

"Peni gani?"

"Sikukuambia kamwe," Cyril alisema, akicheka kwa pumzi fupi, amefurahi kama mtoto aliyeficha zawadi. "Baba alikuwa haiteremshi mashua majini bila kuweka peni chini ya mlingoti. Na ukimwambia mtu, bahati inatoka. Sasa siku ile ulipolia jikoni, unakumbuka? Nikasema, huyu sitamwacha peke yake. Nilikuwa na kopo zima la zile peni walizozifuta. Nikakuwekea moja katika kila gari, juu kule ndani, na nta kidogo. Kila gari, Gwen. Hakuna hata moja lililotoka bila. Nilisema nitakuwa nyuma yako, na nilikuwa."

Mkono wa Gwenda ulikuwa umeifumba peni ndani ya mfuko wa aproni mpaka ikamuuma kiganjani. Alimtazama mumewe, yale mabega yaliyokuwa mapana sasa mifupa mitupu chini ya shati la kulalia, na ile furaha usoni.

"Sikuiona," alisema. "Labda ilidondoka."

"Haya, si kitu. Sasa niambie. Ni nini? Ni rangi? Nilisema ni rangi mimi!"

Angeweza kusema ni rangi. Angeweza kusema ni panya, ni kutu. Lakini alimjua mtu wake. Angeuliza rangi ipi, wapi, kwa nini magari yote, na kwa nini bandani yalikuwa shwari, angeuliza usiku na mchana, kidogo kidogo, mpaka akifikie kile kijirafu yeye mwenyewe, na akifikie akiwa hana nguvu hata ya kugeuka ukutani. Kulikuwa na jibu moja tu ambalo lisingemwachia swali lingine.

"Ni fundo langu, Cyril."

Cyril alijilaza tena kwenye mto.

"Lile la karibu na fyuzi," Gwenda aliendelea, na sauti yake haikutetemeka, Mungu anajua aliitoa wapi. "Nililikaza mno. Waya umelika ndani. Nimeliona kwa macho yangu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Cyril aligeukia dirisha. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Na yule mwalimu," alisema. "Ule mguu wake."

"Hilo ni langu," Gwenda akamkatiza haraka. "Lisikuguse wewe. Hilo ni langu peke yangu."

"Nimegombana na watu miaka yote hii. Ferriby sikumzika."

"Najua, mzee wangu."

Akaunyoosha mkono wake, ule mkono mkubwa uliokuwa umekauka, akamshika mkewe kiganja kile kilichokuwa kitupu. "Njoo hapa. Nisikilize. Kazi ilikuwa nyingi, ulichoka, na uliogopa. Mtu yeyote angekosea. Nimekusamehe, Gwen. Umenisikia? Kutoka moyoni. Nimekusamehe, na wewe ujisamehe."

"Nimekusikia," Gwenda alisema. "Ahsante."

Desmond aliporudi na mkate wa zabibu, alimkuta ameketi kitandani kando ya mumewe, na kwa jinsi nyumba ilivyokuwa kimya aliongea kwa kunongʼona. Gwenda akamwambia lile lile. Fundo. Karibu na fyuzi. Ameshalifunga upya, aende akaliendeshe. Desmond, kwa adabu zake, aliuliza kama kweli alitaka iandikwe hivyo.

"Andika," alisema. "Weka na jina."

Cyril alifariki kabla njegere hazijavunwa. Gwenda alimfunga tai mwenyewe, fundo la kwanza tangu zamani zile ambalo hakulikata, na vidole havikusahau. Peni aliitia katika mfuko wa ndani wa koti alilozikwa nalo, upande wa moyo, akafunga kifungo. Alimlilia sana. Kuna siku nyingine, akiosha vyombo, alimkasirikia pia, akampigia kelele mle jikoni peke yake, "Kwa nini hukuniambia, mpumbavu wewe?" kisha akaketi na kumlilia tena.

Majira ya baridi Desmond alipiga simu. Alikuwa na furaha tele. Amezunguka nalo pwani yote, mvua, ukungu, barabara mbovu, na gari halijazima taa hata mara moja. Watu wa chama hawaamini. Hawajawahi kuona Fenwold ya mwaka ule ikikaa hivyo.

"Ni ile mikono yako, mama," alisema. Kisha akasita, kama mtu anayeogopa kuumiza, akaongeza kwa upole, "Laiti ungezifunga hivi tangu mwanzo."

Gwenda aliegemea ukuta, simu sikioni. Katika gari lile hakuwa amefunga wala kufungua fundo hata moja. Alikuwa ametoa peni tu.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Laiti."